Nani Aonje Kwanza Hii Tekila

Keko, Dar es Salaam
Jumatatu

Mke wangu Mama Aika,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto. Goti linaendeleaje, lile la kushoto? Na yule ng'ombe mweupe ameshazaa, au bado anatudanganya? Mie mzima, mgongo tu unalalamika kwa kuinamia randa. Usianze kusema ni uzee. Uzee nauonaga kwa wenzangu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe ukipigiwa unaweka spika, na dada yangu yupo hapo pembeni anamenya ndizi kwa masikio. Bahasha nimeifunga kwa gundi ya mbao. Ikikufikia imechanika, muulize wifi yako, usihangaike na mwingine.

Sasa. Uliniagiza nikamtazame huyo kijana anayemtaka Aika wetu, ili tujue kama wazee wake waruhusiwe kuja nyumbani au wabaki kwao Upare. Jana mchana nimekwenda, Aika mwenyewe akanipeleka. Anafanya kazi kwenye baa ya hoteli moja ndogo huko Boko, yeye ndiye mchanganyaji wa vinywaji. Anaitwa Nehemia. Mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka likanitia wasiwasi. Mwanamume gani ananyoosha hata kola kwa nyuma? Huyu anaficha kitu, nikasema moyoni.

"Shikamoo Baba." Akainama karibu aguse sakafu.

"Marahaba. Wewe ndiye Mpare?"

"Ndiyo Baba, wa Same."

"Pole."

Aika akanifinya.

Baa ilikuwa haijafunguliwa, tulikuwa sie watatu tu. Nikaigonga kaunta: mninga halisi. Angalau hapo hawajamdanganya mtu. Kijana akasema ameniandalia kitu maalumu. Eti kuna kinywaji maarufu cha wiski, jina lake la Kizungu maana yake ni "cha kizamani".

"Cha kizamani ndicho umeona kinanifaa mie?"

"Hapana Baba, ndivyo kinavyoitwa kote. Ila mie wiski nimeitoa, naweka tekila."

"Wiski imekwenda wapi?"

"Aika alisema inakuunguza kifua."

Hapo nikajua nimeshachunguzwa kabla sijachunguza. Kama wameshajadili kifua changu, wamejadili nini kingine?

Nikamwuliza hiyo tekila inatokana na nini. Anasema kuna mmea huko Meksiko, majani yamechongoka, ndugu wa mkonge. Mkonge! Si unajua nilikata mkonge Korogwe kabla hatujaoana, mikono ikawa kama msasa? Nikamwambia, "Kijana, mkonge unatoa kamba na magunia. Unataka kuninywesha au kunifunga?" Akacheka sana. Mtu anayecheka sana utani wa baba wa binti, huyo wa kuangaliwa.

Sikumwondolea macho. Ile tekila ilikuwa na rangi ya asali, anasema wameilaza kwenye mapipa ya mbao, nikaiheshimu kidogo. Akapima, akamimina kwenye glasi nzito. Badala ya sukari akatia sharubati nzito ya mmea uleule. Halafu akatoa kichupa kama cha dawa ya macho, akadondosha matone mawili.

"Hayo nini?"

"Ni ya uchungu Baba. Magome na mizizi."

Magome na mizizi! Mpare, kichupa, matone mawili, na binti yangu anatabasamu. Jumlisha mwenyewe kama huo si uchawi. Akaweka bonge moja tu la barafu, akakoroga taratibu bila kugonga glasi, akakata ganda la chungwa, akalikamua juu yake na kulitumbukiza. Akanisogezea.

"Karibu Baba."

Hakuonja.

Mama Aika, kwetu nani anakupa mbege bila kupiga fundo la kwanza yeye mwenyewe? Mwenye pombe anaonja, mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani, ndipo kata inapita. Anayekupa bila kuonja anataka kukuzika. Mie hata kiti nakikalia kwanza kabla ya mteja.

"Onja wewe kwanza," nikamwambia.

"Baba, mie sinywi."

"Hunywi leo?"

"Sinywagi kabisa. Sie kwetu ni Wasabato. Napima kwa pua."

"Na mchuzi unapika kwa kunusa?"

"Hapana Baba, mchuzi naonja."

Kwa hiyo hajawahi kuonja hata tone la anachouza! Nikairudisha glasi kwake. Nikamwambia, siku wazee wako wakileta pombe kwetu, nani ataonja? Nani atasimama mbele ya kaka yangu mkubwa aseme hii ni salama? Sitoi mtoto kwa nyumba isiyoonja. Wakae hukohuko Same.

Ile pasi yote ikaisha shatini. Nikamsubiri adanganye, aguse glasi kwa midomo, nimfukuze roho yangu itulie. Hakugusa.

"Nikionja leo ili unipe Aika," akasema, "kesho utajua mie ni mtu wa kugeuzwa."

Jibu zuri, na mie majibu mazuri siyaaminigi. Nikachukua kofia yangu.

Ndipo Aika akashuka kwenye stuli. Hakunifuata. Alizunguka kaunta, akaingia upande wa ndani, akasimama kando yake. Akaichukua ile glasi, akapiga fundo, akameza, akafuta ukingo kwa kidole gumba, wewe kabisa. Akanipa kwa mikono miwili.

"Karibu Baba. Ni salama."

Kijana hakuelewa kitu, nadhani alifikiri binti ana kiu. Mie nilikaa chini. Anayeonja ni mwenye nyumba, na hakuna mtu anayeonjea nyumba isiyo yake. Nikanywa. Mwanzo utamu, halafu chungwa, halafu yale magome, mwisho mkonge wenyewe unakukwaruza koo. Ni nzuri, usimwambie mtu. Nikaomba ya pili, na Aika akaonja tena bila kuambiwa.

Yule Mpare bado simwamini. Lakini nilikwenda Boko kumlinda binti yetu asichukuliwe, nikakuta ameshahama, yuko ng'ambo ya kaunta anamkaribisha baba yake kama mgeni. Sasa nimkataze nini?

Basi loweka ulezi wa mbege, na ndizi zianze kuivishwa. Nisalimie mama mkwe, mwambie kiti chake cha kuegemea nakimalizia. Wasalimie jirani wa mtoni na mwalimu wetu wa kwaya.

Kwa kaka yangu mkubwa nenda mwenyewe, umwambie wazee wa Same waje. Atauliza upande wa mkwe nani ataonja. Mwambie Aika. Atapiga fimbo chini aseme haiwezekani binti wa hapa aonje akiwa upande wa wageni. Mwache amalize kupiga, halafu mwambie imeshakuwa, na mimi nilikunywa.

Ni mie mumeo,
Baba Aika