Makoti Manne

3 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo huko maabara? Mimi mzima, magoti ndiyo yamegoma. Cherehani bado inanitii kuliko wanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ati kompyuta imepiga hesabu za mate yangu na ya mjomba wako, ikakuta kromosomu zimebadilishana vipande, na kasoro mjomba wako kaitoa kwangu? Mimi niliyezaa watano, wote wazima? Nilikupa mate usome, sikukupa unitukane. Mke wa mjomba wako alitokwa na mimba nne. Nilimfukuza mbele ya watu, na watu waliona nina haki. Wewe na mashine yako mlikuwa wapi?

Bibi yako

20 Februari

Shikamoo Bibi,

Pole na magoti. Sikukutukana. Kromosomu ni uzi mrefu uliokunjwakunjwa. Tunahesabu vipande gani hukaa jirani. Kwenu wewe na mjomba, ncha ya uzi mmoja imekaa kwenye uzi usio wake. Hakuna kilichopotea, ndiyo maana mu wazima. Ila mtoto hugawiwa nusu tu, na vipande visipolingana mimba hutoka.

Wewe fundi, jaribu kwa kitambaa. Makoti mekundu mawili, meusi mawili. Jekundu moja na jeusi moja yabadilishane mkono. Kisha mgawie mtu moja la kila rangi.

Na Bibi, wewe mwenyewe ulipoteza mimba ngapi?

Mjukuu wako

11 Juni

Mjukuu wangu,

Salama? Usinihesabie miezi. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Nilishona vijikoti vinne ili nikuumbue. Nikafumba macho, nikachagua. Mara ya kwanza yakatoka sawa, mikono miwili kwa miwili. Nikacheka, nikasema hao ndio watano wangu. Mara ya pili mikono myeusi mitatu, mwekundu mmoja. Makoti gani hayo? Nani atayavaa?

Uliuliza ngapi. Sita. Babu yako alijua mbili. Nilijifunga khanga nikarudi kwenye cherehani, halafu nikaja kumwita mkwe wangu, mwenzangu, mfuko uliotoboka.

Jana nilimfuata kwao. Nilimfukuza kwa sauti, basi nikasema kwa sauti, majirani wote nje: kasoro ni yangu, na mimi nilitokwa na sita nikanyamaza.

Akaniuliza, "Umemaliza, mama?" Akafunga mlango.

Nilifura kwa hasira njia nzima. Hata maji nisikaribishwe? Lakini nisikudanganye: ningekuwa yeye, nisingengoja mtu amalize.

Bibi yako