Stesheni Haina Kengele Tena

Jumatano. Wingu zito juu ya Kariakoo tangu asubuhi, joto linafukuta, mvua haishuki.

Rehema mwanangu, salamu nyingi sana. Msalimie mkwe wangu Juma, mbusu mjukuu wangu Nasra mashavu yote mawili, msalimie na mama mkwe wako na mguu wake. Huku baba yako mzima, kifua tu. Kaka yako Idi mzima. Shangazi yako Tatu mzima, anakusalimia.

Mimi ndiyo si mzima.

Hapa kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni huwa najiandikia mambo yangu tu, ila najua ukipanda kilimani kutafuta mtandao unapitia kusoma. Simu yako naipiga tangu saa nne, haipatikani.

Leo nimekaa na masufuria yangu ya biashara, akaja yule mnunuzi wa mahindi anayepitaga kijijini kwetu. Anacheka: "Mama Rehema, mtaringa sasa! Treni yenu inafufuka." Nikamwambia acha utani, stesheni ile imefungwa wewe hujaota ndevu. Akasema, "Haki ya Mungu, jana nimekiona kichwa cha treni kinajaribu njia. Kipo kituo cha juu yenu, wiki hii kinashuka."

Sufuria likanitoka mkononi.

Maana nyie mmehamia mle stesheni Jumamosi, na aliyewaambia hameni ni mimi. Nilisema jengo la sementi, bati zima, reli imekufa, mtaanika mihogo hapo hapo relini. Ukifungua ule mlango ni hatua sita tu mpaka kwenye chuma, na Nasra ndiyo kwanza anatembea.

Nikupe habari za pale, maana babu yako hakuwahi kuwasimulia. Kazi yake ilikuwa kugonga kengele, kipande cha reli kilichoning'inizwa pale nje. Treni ikitoka kituo cha juu anapigiwa simu, anagonga mara tatu, watu wanatoka njiani. Kwetu hakuna aliyekuwa akiangalia reli. Watu walikaa juu yake wakichambua mchele, wakisukana, mlima wameupa mgongo. Walitegemea kengele. Na treni ya kushuka mlima ule haina sauti, Rehema. Unaisikia ikishafika.

Siku moja babu yako alilala na homa. Treni ikapita bila kengele, ikamchukua jirani yetu Mama Sikudhani, ungo uko mapajani. Kijiji kizima kikasema babu yako alikuwa amelewa. Mtu ambaye hata togwa hanywi. Hakujibu neno mpaka anakufa.

Siku ile nilitumwa mimi.

Aliniambia, "Treni imetoka juu, kimbia ukagonge." Nikawapitia wenzangu wanacheza rede. Nikasema mchezo mmoja tu. Mwaka huo huo nikaacha shule, watu wakadhani ni uvivu. Hata baba yako hajui, anayasoma leo kama wewe.

Stesheni ilipofungwa kile chuma kikauzwa chakavu. Kengele hakuna, ila tabia ya watu ipo vile vile. Nilipokuja kwenye msiba wa babu yako niliwaona kwa macho yangu wamekaa relini, mgongo mlimani, wanaona kwa kuwa kumetulia basi ni salama. Na mimi nikakaa nao, nikanywa chai.

Basi usisubiri kusikia kitu, mwanangu. Mtoe mtoto mle leo, magodoro yatafuata. Waambie na wenzio watoke njiani. Wakikucheka, waambie aliyechelewa kugonga ni mimi mama yako, na jina langu walitaje.

Kesho alfajiri napanda basi, lakini mpaka nifike huko ni jioni.

Ukiyaona haya nijibu hapo hapo, usiandike marefu. Niandikie tu Nasra yuko wapi.