Leso Siku ya Mawingu

Mjukuu wangu Athmani, salamu zikufikie huko Uholanzi. Hapa Mombasa sote tu wazima, na goti la mamako limepoa.

Umeniuliza, kwa mzaha, kama kiumbe angeweza kuishi kwenye ile sayari unayoisomea, na nyota yake yaimwagia miale mikali isiyoonekana. Miale hiyo naijua. Dadangu Mwanaesha alizaliwa na ualbino. Siku moja kule kisiwani Kudha, maji yalipokupwa, tulikwenda kuokota kauri mwambani. Kulikuwa na mawingu, nikamwambia avue leso aliyojitanda, jua halipo. Jioni mabega yake yalikuwa malengelenge matupu. Hakunilaumu. Aliniamini, na hilo ndilo liniumalo mpaka leo.

Basi angalia kama sayari yako ina hewa ya kujitanda, na uiombee isiwe na dada kama mimi.

Nyanyako, Mwanamkuu