Binti Anayeingia Bila Salamu

Al Nahda,
Dubai.
15 Novemba 2014

Mpendwa Mama Mdogo Caren,

Nakusalimu kwanza, maana leo salamu ndizo habari yenyewe. Mguu unaendeleaje? Na Duncan, ile homa imemwachia? Mimi ni mzima wa mwili, ila kutulia nimeshindwa. Naandika mstari, nainuka, naenda dirishani, narudi. Ivy, tunayekaa naye chumba kimoja, ametishia kunifunga kitandani.

Kundi letu la maigizo la kanisani litacheza Ijumaa ya tarehe 28, kwa sababu huku tunasali Ijumaa. Mama mmoja kutoka Norwe alituazima riwaya ya zamani ya kwao, na mimi kwa kimbelembele changu nikajitolea kuigeuza iwe mchezo wa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ndogo. Thubutu!

Katika kisa hicho, binti anaondoka shambani kwao bila baraka za mama. Miaka inapita, anarudi. Anaingia, anakaa. Mama anaendelea kumenya viazi. Hakuna anayesema neno, na kitabu kinaishia hapo. Theluji ya huko Norwe tumeiweza jukwaani kwa mashuka makuukuu ya hotelini kwetu kazini. Kimya hicho ndicho kilichotushinda.

Jana kwenye mazoezi, anayeigiza mama aliitwa kazini, nikashika nafasi yake. Joanita, Mganda anayeigiza binti, aliingia akapiga magoti kunisalimu, kama wanavyofanya kwao. Justus, mwelekezi wetu, akapaza sauti: "Yalla, haya, rudia! Kitabu kinasema usiongee!"

"Mimi niingie kwa mama yangu kama polisi? Khalas, basi, tafuta mwingine," Joanita akamjibu, na magotini hakutoka.

Nami nikaendelea kumenya, kama nilivyoandika mwenyewe. Nilijikata kidole, Mama Mdogo. Unajua tangu niache chuo cha ualimu nikaja huku, Mama hataki kuongea nami. Nikipiga simu anampa mtu mwingine. Siku zote nilidhani kunyamaza kwake ni rahisi. Jana nilikaa upande wake, na nilitamani sana kumwitikia yule msichana. Mbona basi sikumwitikia? Sijui, na sipati usingizi kwa ajili ya hilo.

Sasa Justus anataka kimya kibaki, Joanita anataka aitikiwe, na wote wananingoja mimi niandike mwisho. Kila neno ninalompa yule mama nalifuta. Tena likizo yangu imekubaliwa, nakuja Desemba. Naogopa kweli.

Kwa simu nisingeweza kukwambia haya, maana wewe na Mama huwa mnashinda pamoja. Ndiyo maana nimempa Boaz wa kanisani kwetu barua hii, anasafiri kesho kuja huko. Tafadhali, nenda kwa Mama akiwa peke yake jikoni. Usiniombee msamaha, wala usimwambie nimekonda. Mwulize tu: Lois akipiga hodi, utamwitikia? Kisha nipigie.

Wasalimie Duncan na Lenny. Mungu akupe nguvu za mguu uifikie nyumba yake.

Wako akupendaye,
Lois

Akinyamaza, nipigie vilevile. Niambie kama mikono yake iliendelea na kazi, au ilisimama.