Nimemsujudia Bibi mara mbili

Bo-ram, nimejifungia chooni kwa kina Gyu-tae. Usipige simu, soma tu.

Unajua nilivyohangaika na nguo za Mwaka Mpya. Vazi la hanbok la rangi ya waridi ni la sherehe, gauni jeusi ni la kumbukumbu ya marehemu. Gyu-tae akaniambia, "Asubuhi tutamsujudia Bibi." Shoga, miaka miwili huyu mchumba wangu ananisimulia Bibi alikuwa mkali, Bibi alikuwa anapika hivi. Alikuwa! Nikavaa jeusi.

Tumefika, ukoo mzima umevaa rangi kama bustani. Katikati ameketi kikongwe. Gyu-tae ananinong'oneza, "Huyo ndiye Bibi."

Wiki nzima nimefanya mazoezi ya kumsujudia marehemu. Magoti yakajiendea yenyewe. Nikasujudu mara mbili. MBILI.

Mama yake Gyu-tae akaweka sahani chini taratibu.

Bibi akanitazama toka utosini hadi soksi. "Binti, aliye hai husujudiwa mara moja. Hiyo ya pili ni ya nani?"

Sikupata uongo wowote. Nikasema, "Nisamehe Bibi, nilidhani umeshakufa."

Nilidhani umeshakufa. Nimemwambia hivyo, usoni.

"Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha mjukuu wake.

Bibi akaagiza kikoti chake cha kijani, akanivalisha mwenyewe juu ya lile gauni, akanifunga utepe. Mikono inamtetemeka, ila fundo limekaza.

Kisha akasema, "Hilo jeusi usilitupe, mkwe wangu. Nina miaka tisini na moja. Siku yangu ikifika, nataka ukae mstari wa mbele."

Mkwe wangu, Bo-ram. Mbele ya ukoo mzima.