Nyumba Arobaini za Kenkey

Jumatatu, 10 Machi
Mwanangu Sena kaamka mara nne usiku. Nimefika ofisini na doa la matapishi begani. Bosi, Bwana Asiama, anataka makala mpya yenye jina lake kwenye tovuti yetu kabla wiki haijaisha. Kampuni ya ushauri lazima ionekane inafikiri, ndipo wateja waite. Nikamwuliza yeye anafikiri nini. Kasema niandike kitu juu ya uongozi, ila kiwe na uhai! Haya. Yeye shahada tatu, mimi cheti cha uhazili.

Jumatano, 12 Machi
Nimeandika juu ya Auntie Korkor, shangazi wa mume wangu, na nyumba yake ya kupikia kenkey, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, kule mtaa wa Bukom. Pale mwanamke akikosea — unga haukuchacha, moto ulizimika — hulisema mwenyewe kabla chungu hakijafunuliwa. Hagombezwi. Akificha, wiki nzima anaosha majani ya mahindi ya kufungia madonge peke yake, wenzake wanamwimbia. Auntie kacheka: "We bibi, watu wa kuvaa tai nao wanataka mambo ya chungu changu?" Nimeandika kwa raha, Sena ananyonya. Sijawahi kuandika hivi.

Ijumaa, 14 Machi
Bosi kaipenda. Ila namba iko wapi? "Nyumba moja ni umbea, mama Sena. Nyumba arobaini ni utafiti." Nikamwambia nimeona moja tu. Akacheka. "Accra hii zimejaa, zinazidi hata arobaini. Uongo uko wapi?" Kituo cha watoto kinafunga saa kumi na moja, mlezi ananuna nikichelewa. Nikaandika arobaini. Vidole vyangu mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi
Kila mtu anaisoma! Bosi kaitwa redioni. Eti "nilipokuwa nikizitembelea nyumba zile..." Bukom hajakanyaga! Mkataba wangu wa muda unaisha mwisho wa mwezi; kasema ajira ya kudumu ipo, nitulie. Nikaomba tuiondoe ile arobaini kimyakimya. "Usiniharibie, dada."

Jumatatu, 24 Machi
Kampuni moja ya vinywaji inatutaka. Mkurugenzi wao, Madam Lamptey, ana ombi moja tu: orodha ya nyumba zote arobaini, watu wake wakajifunze huko. Jamani! Bosi kaniwekea karatasi mezani, mistari arobaini. "Kina Auntie wamejaa mjini hapa. Bandika majina." Nimeandika la kwanza, Korkor. Nikaweka kalamu chini.
Nyumbani nikamweleza mume wangu, Tettey. "Jaza tu, Esinam. Mtoto anakula ukweli?"
Hapana, hali ukweli. Lakini wakizunguka Accra nzima wakamkuta Auntie peke yake, nani atazomewa? Si Bosi. Nimemwambia Tettey jina la Auntie sitalichezea. Kageukia ukutani.

Alhamisi, 27 Machi
Niko ofisini kwa Madam Lamptey, nimejifungia msalani. Maziwa yamevuja hadi kwenye blauzi. Nimekamua, sasa naandika, daftari magotini. Orodha ninayo. Jina moja, mistari thelathini na tisa mitupu.
Mle ndani Madam kauliza nani hasa alizitembelea. Bosi kanywa maji. Kamimina tena, kanywa. Nikaomba dakika tano, nikaonyesha kifua. "Nenda mwanangu," Madam kasema, "mimi nimenyonyesha wanne." Kwa upole kabisa. Afadhali angefoka!
Dirisha la hapa lina nondo. Nimeliangalia, kweli.
Bosi anagonga. Ananong'ona mlangoni: "Esinam, toka. Wanakungoja wewe. Si makala yako?"
Yangu! Redioni ilikuwa yake, kwenye tovuti yake, leo ndiyo imekuwa yangu.
"Ndiyo, Bosi, ni yangu," nimemjibu, kwa sauti, nadhani hadi mezani wamesikia.
Sasa anauliza nimejaza majina mangapi. "Moja," namjibu, kwa sauti ileile.