Visanduku Vinne vya Merle

Kearney, Nebraska
Machi 9

Mpendwa dada Lorene,

Natumai barua hii itakukuta salama, na kwamba goti lako limepata nafuu licha ya baridi hii. Mimi ni mzima, sina la kulalamikia. Wazee wa makao yetu hapa hawajambo, ila chumba cha kaka yako Merle bado kitupu, nami nikifika hapo napita haraka.

Nimepata barua yako na keki ulizooka. Nimewagawia wenzangu zote, mimi sikuweza kula. Umenishukuru kwa kumtunza Merle, tena umesema usingizi huupati kwa kujilaumu, maana wewe ndiye uliyetia saini atoke kidogo na yule rafiki yake wa kazini zamani. Maneno hayo yamenikaa rohoni, ndiyo maana naandika.

Siku ile alirudi saa saba mchana, ameshameza vidonge vikali vya maumivu vya huyo rafiki, kichwa kinamwangukia kifuani. Nesi akampulizia puani dawa ya kumzindua, naye akazinduka na maneno yake yale yale. Alituuliza nani kafa mbona tumemzunguka hivyo, akaniambia nami nipuliziwe, huenda nikajua kupika kahawa. Hospitali alikataa katakata. Nesi akanikabidhi karatasi, akanionya kwamba dawa ya puani huisha nguvu kabla ya vidonge, kwa hiyo kila robo saa niingie, nimwamshe, nihesabu pumzi, niweke alama kwenye kisanduku.

Niliingia kama nilivyoambiwa mpaka saa nane na nusu. Saa tisa kasoro robo nilifika mlangoni nikamsikia anakoroma, nikasema moyoni, mwache mzee wa watu apumzike. Ukumbini bibi mmoja alikuwa anatimiza miaka mia, keki inasubiri kukatwa, na tulikuwa wawili tu kazini. Sasa hapa kwetu kuna tabia mbaya, tunafundishana tangu siku ya kwanza: ukibanwa, jaza visanduku vya mbele, utazunguka baadaye. Nilijaza vinne nimesimama pale pale. Kisha nikafunga mlango, kelele zisimsumbue.

Kule kukoroma hakukuwa usingizi, Lorene. Ndivyo mtu anavyosikika pumzi zinapomwishia, na hilo nilifundishwa, nilikuwa nalijua. Nilipofungua tena saa kumi kasoro robo, mikono yake ilikuwa imeshapoa.

Waliokuambia aliangaliwa kila robo saa walisoma karatasi yangu. Kesho nitamweleza mkuu wetu na mkaguzi wa jimbo, lakini nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Najuta kupita kiasi. Usiponijibu nitaelewa.

Wasalimie wanao, na mumeo pia. Na ile saini, tafadhali, usijilaumu nayo tena. Ulimruhusu atoke, naye akarudi hai. Alikufa akiwa kwangu.

Wako mwenye majuto,
Darla Wickstrom